Kubisha

Kiinua mgongo cha Reli kilipotoka
wenzake Gervas walijenga fremu za maduka Kimara,
wengine wakafuga kuku wa kisasa, wakafa wote kwa mdondo
(kuku, si wenzake).
Yeye akanunua mashua ya faibaglasi, futi ishirini na nne,
kwa mhandisi aliyekuwa anahama,
pamoja na vitabu viwili vya lugha asiyoisoma.
Nilinuna wiki tatu.
Ya nne nikaishonea mapazia.

Sasa tuna wageni, Anselm na Theofrida wa Mbinga.
Wameleta kahawa debe zima, ulezi, na faili la hospitali
ndani ya bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwa.
Ocean Road siku tano kwa juma.
Jumamosi mashine hupumzika.
"Tuwatoe," akasema Gervas,
"wasije wakaijua Dar kwa foleni ya benchi tu."

Msasani, asubuhi, Theofrida alipanda
rozari mkono huu, kofia mkono ule,
akauliza choo kiko wapi.
Nikamwonyesha ndoo.
Alicheka hadi rozari ikadondokea kwenye chapati.

Anselm tulimvika koti la mvua, na jua linawaka.
Shingoni ana misalaba minne ya wino, midogo,
mafundi wa mionzi wamemkanya: isilowe, isifutike
hadi tarehe kumi na nane.
Akakaa katikati kama gunia la sukari,
na kila maji yaliporuka
mikono sita ikamfunika.

"Tunabisha!" Gervas akapaza sauti.
Tanga likavuka, tukainamisha vichwa.
"Mnabisha hodi kwa nani?" Anselm, sauti yake imebaki mikwaruzo.
"Si hodi. Upepo unatoka kule tuendako.
Huwezi kuuendea usoni. Unaukatia huku, kisha huku."
"Kumbe ni kubisha kama kwenye kikao cha ushirika."
"Hivyo hivyo. Ila hapa ukibisha vizuri unafika."

Tulibisha mara kumi na moja hadi Mbudya.
Boti za injini zilitupita na muziki wao,
vijana wakatupungia kama watu wapungiao wazee.

Kisiwani Theofrida aliingia majini na kitenge chake,
akaonja chumvi, akageuka kumwita mumewe aje,
akakumbuka,
akajifanya alikuwa anapiga chafya.
Samaki wa kuchoma hakumpita Anselm kooni.
Alimnusa kwa muda mrefu, macho amefumba,
kisha akamsukumia Gervas sahani
na kunywa uji wake wa chupa.

Kurudi, akaomba usukani.
Mume wangu, dereva wa treni miaka thelathini na moja,
hunigombeza mimi nikikosea kwa upana wa kidole.
Nyuma yetu povu lilipinda kama mwandiko wa mtoto,
tanga likapwaya, likajipiga makofi,
na Gervas alikuwa anatazama kucha zake.
Hakusema kitu. Sijawahi kumpenda hivyo tangu Mbeya.

Halafu mashua ikatulia.
"Naisikia," Anselm akasema. "Inavuta kama ndama."

Maghorofa yakaanza kuota mbele yetu.
"Ocean Road ni ipi hapo?"
"Iko ng'ambo ya rasi. Kutoka huku haionekani."
"Afadhali," akasema, na hakuachia usukani.

Wimbi moja tu lilitupata, karibu na boya,
kwa nyuma, wakati sote tunacheka jambo nililolisahau.
Msalaba mmoja ukafifia, wa chini ya sikio.
Theofrida akaupuliza, taratibu, kama apulizaye chai.
Nami nikapekua mkoba wangu, nikapata kalamu,
nikaivua kifuniko,
nikakirudishia.