Nusu Saa Dukani kwa Mihayo

Usiniwekee muziki, Mihayo.
Najua ngoma itadunda, najua kioo cha duka kitatetemeka
na vijana wa Kanyenye watasimama mlangoni kutikisa vichwa.
Mimi sikuja kucheza.
Nipe kigoda, nipe nusu saa,
nizivae hedifoni hizi kimya kimya
kama mtu anayejaribu viatu
vya kwenda Urambo kwa miguu.

Nimekuja na miwani yangu, unaiona.
Nimekuja na ushungi, sitauvua.
Hivi ndivyo nilivyo kazini
tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja,
nikiandika waliyoyasema watu mbele ya baraza la ardhi:
mdai anakohoa, shahidi anameza mate,
treni ya Mpanda inapita katikati ya kiapo,
nami narudisha nyuma, narudisha tena,
maana kati ya *niliuza* na *niliuziwa*,
pale honi inapomeza mkia wa neno,
kuna ekari sita na mizinga arobaini ya nyuki.

Hizo nyekundu zinang'aa, sikatai.
Lakini dakika ya kumi haijafika
na mkono wa miwani umeshanizama panjani.
Zinabana kama shangazi anayekukumbatia
akiwa na jambo la kuomba.
Zirudishe.

Na hizo nyeupe zisizo na waya,
umeme ukikatika saa tano nitazilisha nini, uji?
Nataka waya. Tena waya unaochomoka,
siku ukikatika ninunue waya,
nisinunue kilio.

Nilikuwa na za kwanza, wacha nikusimulie.
Ngozi yake ilikuwa ngozi kwa jina tu.
Masika mawili hayakupita ikaanza kubanduka,
magamba meusi yakanibaki shingoni, kwenye kola,
hata Nyamizi wa masijala akaniuliza kwa upole
kama nimepata ugonjwa wa kichwa.
Nikazitia gundi. Nikazifunga uzi.
Mwisho nikampelekea Kapela, fundi viatu wa karibu na stesheni.
Akazigeuza, akazinusa, akanirudishia:
"Hizi hazina pa kuingilia.
Aliyezitengeneza alifunga mlango
akaondoka na ufunguo."

Tangu siku hiyo
natazama skrubu kabla ya rangi.

Hizo je? Hizo za kijivu, chini ya boksi la redio,
zenye vumbi, ambazo hukutaka kunionyesha.
Lete.
Upinde wa chuma. Skrubu mbili huku, mbili kule.
Mito ya kitambaa, inavuliwa kama foronya,
naweza kuifua Jumamosi pamoja na soksi za watoto.
Sikio linaingia lote, halijikunji,
halisukumwi ukutani.
Nzito kidogo, ndiyo,
ila uzito wake umekaa utosini kama kata ya maji,
haujaning'inia.

...

Ulisema nini?
Nimeona midomo yako, sikukusikia.
Nilikuwa mbali. Nimesikia pumzi yangu mwenyewe,
inatoka, inarudi,
na sijui ni lini mara ya mwisho
niliisikiliza sauti isiyogombania chochote.

Nusu saa imepita? Sikuhisi.
Basi hilo ndilo jibu,
kitu kizuri cha kuvaa ni kile unachokisahau.

Sasa bei. Elfu tisini na tano?
Mihayo, zilikuwa chini ya boksi.
Zina vumbi la tangu hujaoa.
Sabini.
Haya, sabini na tano, na waya wa akiba juu yake.

Lakini nikutahadharishe mapema:
nikitoka hapa sipiti nyumbani.
Nakwenda kwa Kapela, achukue bisibisi yake ndogo,
azifungue mbele ya macho yangu, achungulie, azifunge.
Akikosa pa kuingilia,
kesho kabla hujafagia utanikuta kizingitini.

Andika risiti.
Jina langu lote, kwa herufi kubwa.
Na tarehe, tafadhali, isomeke.