Mto Uliomchelewesha Baba

Nimeshuka stendi ya Kondoa saa nne asubuhi,
macho bado yamejaa alizeti za Chemba,
nikamuuliza muuza karanga, mto uko wapi?
Akanipimia kopo, akatia na nyongeza.
"Umeuvuka sasa hivi, dada. Ulikuwa umelala?"

Sikulala. Nilibana dirisha nikitafuta maji.
Nilichokiona ni mchanga, mpana, mweupe,
na ng'ombe watatu wakipita katikati yake
kama wenye barabara.

Kumbe ndio huo.

Ndio uliomzuia baba siku tatu, mwaka wa mvua kubwa,
utingo wa lori la chumvi,
na mimi nazaliwa Dodoma, Chang'ombe, chumba cha kupanga,
mkunga akiuliza mwenye mtoto yuko wapi.
"Mto ulijaa," alisema alipofika,
suruali kavu.
Mama aliitazama suruali ile miaka ishirini na sita.
Hakugomba. Ila baba akichelewa, hata sokoni,
alimpokea mlangoni: "Leo nao umejaa?"
Baba akashusha kofia.
Tulimzika Machi.

Sikuja kutalii. Lakini mgeni ni mgeni:
nimeonyeshwa boma la Wajerumani, kuta nene kama kiburi,
nimeonyeshwa chemchemi, nikainama, nikanawa uso,
maji ya baridi yanatoka chini bila kumuuliza mtu.
Kisha bodaboda mpaka Kolo,
kisha kwa miguu, miiba ikinivuta gauni,
hadi kwenye jabali lililoinama kama paji la uso.

Swedi, mwenye ufunguo wa geti, akanyoosha fimbo bila kugusa.
Watu wembamba, wekundu, vichwa vimevimba kama mafundo.
Mmoja yuko katikati.
Wawili wamemshika huku, wawili wanamvuta kule.
"Wengine wanasema anatekwa," alisema Swedi,
"wengine wanasema wanacheza ngoma."
Na wewe?
Akafuta jasho. "Mimi nafungua geti."

Nikakaa pale mpaka kivuli kikahama.
Nikamtazama yule wa katikati, mguu mmoja juu,
nikamwona na kofia.
Umeshikwa, baba, au unacheza?

Jioni nimerudi mtoni.
Mwanamke amepiga magoti ndani ya shimo alilochimba,
anachota kwa kata, taratibu, akisubiri mchanga utoe tena.
Mwahija, jina lake. Ndoo ya pili hiyo.
Nikamwambia habari za lori, za chumvi, za siku tatu.
Hakuinua kichwa. Akaelekeza kidole tu,
juu, kwenye mgunga wa ukingoni.

Nyasi kavu, kandambili, kipande cha turubai,
vimenasa kwenye matawi
juu kuliko nikinyoosha mkono,
juu kuliko baba akinibeba mabegani.

"Hayo ni ya masika yaliyopita tu," alisema.
"Mwaka huo unaousema, mie nilikuwa mwari.
Tulipoteza mbuzi kumi na mmoja na choo."

Na suruali, nikamuuliza, ingekauka?

Hapo ndipo akaniangalia,
kama mtu aliyeulizwa kama chumvi huyeyuka.
"Siku tatu? Kwa jua hili?"
Akacheka mpaka kata ikamwagika,
ikabidi asubiri upya.

Lakini hakumjua baba. Hakumbuki lori.
Malori yalikuwa mengi, alisema, na vijana wao wengi,
na usiku ule wa mafuriko kulikuwa na ngoma ng'ambo,
maana watu waliokwama watafanya nini?

Nikajaza chupa yangu kwenye shimo lake.
Maji yana rangi ya chai ya maziwa.
Nikamwandikia mama: Nimeufikia mto. Upo, chini.
Nyasi ziko juu ya mti.
Nimechota chupa moja.

Giza likaingia. Ng'ombe wale watatu wakarudi na njia yao.
Simu ikatetemeka mfukoni mara moja:

Chuja kabla hujanywa.