Moja ni Mbili

Darasa la pili, Mtongwe, saa nne kasorobo.
Bati linalia kwa jua. Nina watoto sitini na mmoja
na mfuko wa mabuyu wa shilingi hamsini.
Leo tunakata maneno.

Weka kiganja chini ya kidevu, nasema.
Kidevu kikigonga, hiyo ni silabi.
Ka-ra-ta-si. Nne.
Ki-bi-ri-ti. Nne.
Meli kule Kilindini ikapiga honi,
na wote, bila kuambiwa, wakainua kidole kimoja.

Anayepatia anakula: silabi moja, buyu moja.
Hapo ndipo nilipokosea,
maana Kiswahili ni unga wa mahamri,
ukikiacha kinaumuka.
Shee alianza na pika, akapata mbili, akaona hazitoshi.
Pikia. Pikiana. Tulipikiana.
Akavuta pumzi: tu-ta-ka-po-pi-ki-shi-a-na,
tisa, na midomo yake ishakuwa myekundu
hadi karibu na pua.

Nikahamia maneno mafupi, kuokoa mfuko.
M-tu, nikasema. Mbili.
"Kidevu hakikugonga, mwalimu," akasema Nyevu,
ambaye hukagua hata chenji ya mama yake.
Nikafunga mdomo, nikaguna: mmm.
Imo ndani.
Wako wasiogonga mlango, lakini wamo.
Nyevu akakubali nusu.

Ndipo Kadzo, wa karibu na dirisha lililozibwa kwa kadibodi,
ambaye tangu shule ifunguliwe sijamsikia
ila akiitika jina:
"Mwalimu, moja ni mbili."

Darasa likaangua kicheko.
Yeye hakucheka. Alishika kidevu.
Mo-ja. Mbi-li. Ta-tu.
N-ne, na ile n akaiguna kama nilivyoguna.
Ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa,
ku-mi.
Zote mbilimbili,
kama viatu mlangoni mwa msikiti.

Miaka kumi na tisa nimeshika chaki.
Namba hizi nimezitaja kila siku iendayo kwa Mungu,
nikihesabia madawati, vikombe vya uji, vichwa vya watu.
Zenyewe sikuwahi kuzihesabu.

Chagua neno lako, nikamwambia, nikupe.
Mfukoni mlibaki vumbi jekundu na mabuyu ya kuhesabika.
Wenzake wakamnong'oneza yale marefu,
Shee akimsukumia lake, la tisa, bure kabisa.
Kadzo akatazama kiganja.
"Sufuri."

Su-fu-ri.
Tatu. Kuliko moja, kuliko kumi.
Akala buyu moja,
mawili akayafunga kwenye ncha ya mtandio.
Sikuuliza ya nani.

Kengele ikalia, nao wakatoka wakiikata vipande,
ke-nge-le, ke-nge-le, mpaka uwanjani.

Jioni nimesahihisha madaftari.
Shee ameandika neno moja, mistari mitatu,
na bado halijaisha; nimempa vema, nimechoka.
Kisha nikafungua daftari jingine,
lile la hela za mtihani.
Mbele ya jina la Kadzo, muhula mzima,
kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu,
kiduara kile kile, wiki baada ya wiki.
Nilikuwa nakiandika tu.
Sikuwahi kukisoma kwa sauti.