Saa ya Henriki

Hongera, Henriki! inasema saa mkononi mwangu.
Mie si Henriki.
Mie Mkasi binti Pandu, wa Jambiani Kibigija,
nyumba ya nyuma ya skuli, yenye bati jipya upande mmoja,
na hayo mawimbi kumi na manne unayonipongezea
sikuyapanda.
Nilipanda matatu.
La nne lilininyang'anya ubao, likanirudisha mwambani
kwa magoti.

Aliniachia mwezi wa Februari, mkoba begani, gari lishawashwa:
Utaitumia kuliko mimi, alisema, nami nikaamini.
Neno la siri akaenda nalo kwao.
Simai wa simu, pale Paje, aliibonyeza mpaka adhuhuri,
akanirudishia kwa ncha za vidole:
Bibi wee, hii mke wa mtu.
Kaa nayo, ila talaka yake anayo mwenyewe.

Tone la maji likitua kiooni, saa hudhani ni kidole.
Niko juu ya wimbi, goti limeshakaa, ubao umeshatii,
mara nasikia mtetemo: Umemaliza? Hifadhi? Futa?
Tone la pili linajibu:
Futa.

Siku setilaiti ikinipoteza
hunichora nikikata nchi kavu:
napita juu ya paa la msikiti, navuka uwanja wa mpira,
nateleza kwa kasi ya bodaboda mpaka dukani kwa Mcha,
nageuka, narudi baharini
bila kununua kitu.

Na ile Jumanne ya bamvua, wimbi liliponikalia kifuani,
nikaanza shahada nisiimalize,
iliandika: Umepumzika dakika mbili. Vizuri.

Saa kumi na tatu, inaniambia.
Saa kumi na tatu ndiyo ipi? Nani aliizaa?
Mchana una saa zake kumi na mbili, usiku una zake,
hazikopeshani.
Na maji yake ya kujaa sijui kayatoa bandari gani:
niliiamini mara moja, nikabeba ubao kichwani
nusu saa nzima juu ya mchanga mtupu,
nikikwepa vigingi vya mwani, wanawake wakinicheka:
Mkasi, hiyo meza unampelekea nani?

Mama hakucheka. Alinyoosha mkono:
Nivishe mie kesho, nijue saa ya kurudi juu.
Nikamfunga, tundu la mwisho, mkono wake mwembamba
umekolea chumvi kuliko mkanda.
Akaenda shambani kwake, maji ya magoti,
kuinama, kufunga kamba, kuinuka, kusogea,
kuinama.

Alirudi na magunia mawili, na saa.
Mawimbi mia mbili na kumi na moja, ilisema.
Rekodi mpya, Henriki!

Huko aliko, kwenye simu yake, habari ikafika.
Magunia hayajamwagwa alishaniandikia:
Mkasi, bahari gani hiyo?
Na lile wimbi la dakika arobaini, umelipandaje?
Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.
Nilitazama mchoro kiooni: mstari mwekundu,
huku na huko, huku na huko,
kama wa mtu anayeshona.

Mama alikuwa akiosha miguu kwa maji ya kopo.
Imesema saa ngapi?
Kumi na sita, kilisema kioo.
Saa kumi, mama.
Basi alasiri imenipita kichwani, akasema,
akaivua, akaiweka juu ya gunia bichi
na kuingia ndani.
Ikabaki pale inatetemeka,
inamuuliza Henriki kama amemaliza.