Penseli ya Bi Verdell

Miaka thelathini na moja Bi Verdell Locklear
ameichosha milango ya Kaunti ya Robeson.
Anaijua kwa sauti: huu wa mbao huguna,
huu wa wavu hulia kama paka,
na ule wa mwisho, kabla ya kinamasi,
haufunguki mpaka umwite mbwa kwa jina.
(Biskuti. Aliyemtangulia naye aliitwa Biskuti.)

Mshahara wake wa kwanza ulikuwa mafuta ya gari
na nusu kuku kutoka kanisani.
Ofisi ilikuja baadaye: chumba nyuma ya kinyozi,
meza yenye mguu mfupi, sanduku la viatu,
ndani yake kadi, kila kadi mtu,
kila mtu kwa penseli.
Kwa nini si wino? nilimwuliza wiki yangu ya kwanza.
"Watu huhama," akasema. "Hufa.
Na hubadili mawazo. Hiyo ndiyo kazi."

Mzee Harvie Oxendine alimfukuza mara kumi.
Kura, alisema, haijawahi kuziba tundu la paa.
Mara ya nne alimwonyesha ndoo.
Mara ya saba ndoo zilikuwa mbili.
Bi Verdell hakuahidi paa. Ahadi ni deni,
na dukani alikuwa anadaiwa tayari.
Alikaa kizingitini akayasikiliza matone,
akaandika: paa, mtaro, mjukuu wa kike. Nirudi Alhamisi.

Mara ya kumi na moja mzee akasema,
lete hiyo karatasi, nimechoka kukuona.

Siku yenyewe mvua ilianza kabla ya mapambazuko.
Alikuja na suti yake ya mazishini,
akapanga foleni hadi viatu vikalia maji.
Kijana wa mezani akapitisha kidole chini, juu, chini:
"Jina lako halimo."

Nimewaona wengi wakiambiwa hivyo. Hawabishi.
Huvaa kofia, huondoka,
na hiyo huwa ndiyo kura yao ya mwisho.
Mzee Harvie alishavaa kofia.
Lakini nje, ng'ambo ya mstari tusioruhusiwa kuuvuka,
gari la Bi Verdell lilikuwa limeziba njia ya gari lake,
na sanduku la viatu limefunguliwa pajani:
stakabadhi ya njano, tarehe, mhuri.
"Rudi ndani. Waambie watafute kwenye A.
Hawa hawajui kuandika Oxendine."

Aliyempigia alishindwa, tena vibaya.
Paa likavuja kama kawaida.
Jumatatu simu ikalia nyuma ya kinyozi:
mzee anauliza bodi ya mitaro huchaguliwa lini,
na kama kuna mtu amemgongea binamu yake,
yule mkaidi.

Jana Bi Verdell amestaafu. Keki ya viazi vitamu, basi.
Kadi ya Harvie imefutwafutwa
hadi imelainika kama kitambaa.
Mstari wa mwisho ni mwandiko wake:
Amefariki Machi. Mjukuu katimiza kumi na nane.
Hapendi wageni.

Nimechonga penseli.
Nasimama langoni, naita:
Biskuti!