Zawadi au Mshahara

Alikuja Oktoba, na mvua ya Rijeka haina adabu,
hupiga ubavuni kama mdai wa deni.
Ngazi mia moja na kumi na nne hadi mlangoni pangu;
alizihesabu kwa Kikroati cha kubabaisha,
na kabla hata ya bei akauliza:
"Mama Nevenka, utakubali kunisainia?"

Wapangaji wa kiangazi hawaulizi hivyo.
Hutaka ufunguo na feni,
hulipa mkononi, huondoka na taulo.
Huyu Tarcísio, mtu wa Recife,
alitaka mkataba, mhuri, anwani,
jina lake likae mahali
ambapo serikali inaweza kulisoma.

Tulipanga foleni kwa mthibitishaji nusu siku.
Bahasha yake ilikuwa nzito kuliko begi:
bima, taarifa za benki,
barua ya polisi wa kwao kwamba hajawahi kuiba,
barua ya mwajiri, aliye mbali, kwamba abaki mbali.
Mimi nimefanya kazi karakana ya meli miaka thelathini na mmoja,
sijaombwa hata siku moja nithibitishe kuwa si mwizi.

Usiku nasikia vidole vyake ukutani,
panya mwenye haraka.
Saa nane anaaga watu, anacheka:
kule Vancouver ndiyo kwanza wanafunga ofisi.
Kisha bomba linaguna, kahawa inanukia,
na mimi niko macho, nahesabu ya kwangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nani asiyejua?
Jirani yangu Zvonko ana mizeituni kisiwani Krk
na mgongo uliokwisha. Akamwita:
njoo siku tatu, nitakulipa vizuri.
Tarcísio akatoa kibali chake mfukoni, akakieleza taratibu,
kama mtu anayeeleza ugonjwa:
kazi ya nchi hii haruhusiwi kuishika,
wala senti ya mwenyeji kuipokea.
Tumemkaribisha, jembe tumelifungia stoo.

"Basi njoo bure," akasema Zvonko.
Akaenda. Akarudi na mikwaruzo hadi viwiko
na chupa ya mafuta, kijani, bado mazito,
akasimama nayo jikoni kama ameokota mtoto.
"Hii ni zawadi au mshahara?"
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Yeye hakucheka.
Nikaificha nyuma ya viazi.

Jumatano akaja askari, Jadranka,
nilisoma na mama yake.
Kazi yake ni kuhakikisha
kwamba anayesema anaishi hapa, anaishi hapa.
Akatazama mswaki, akatazama shati kwenye kamba.
"Analala hapa kweli?"
"Kila siku, tangu alfajiri."
Akafunua ukurasa. "Na huyu mwingine? Vedran?"

Ulimi ukanata.

Vedran wangu yuko Cork, mwaka wa saba,
anapakia maboksi ya dawa.
Chumba ni chake, jina liko daftarini
kwa sababu sijaenda kulifuta.
Mpangaji ana karatasi kumi na mbili za kusema yupo.
Mwanangu ana mimi.

Jadranka alitazama mlangoni kwa muda.
"Naona viatu vya kiume," akasema, "pea mbili."
Akaandika.
Nikakata mkate, na sijui mkono ulitumwa na nani,
nikaitoa ile chupa.
Alichovya, akafumba macho. "Ya wapi haya?"
"Zawadi!" tukasema sote wawili,
kwa pamoja mno.

Kibali kinaisha masika.
Sheria inataka aondoke kwanza, ndipo aombe tena,
na ametia duara jekundu kwenye kalenda yangu ya kanisa.
Vedran hahitaji kuomba kitu.
Angeweza kuja kesho na soksi zake tu.

Jana upepo wa bura ulivuma, dirisha halikugonga.
Nikaenda kutazama: komeo limekazwa,
lile ambalo mwanangu aliahidi kulikaza Krismasi tatu zilizopita.
Sikumlipa.
Sikusema hata asante kwa sauti,
isije ikahesabiwa.