Kisahani cha Shaba

Apondi aliuza friji ya marehemu mamake
akakodi kamera kwa siku nne.
Mimi alinipa kazi ya sauti:
maikrofoni kwenye mpini wa ufagio,
imevishwa soksi kuzuia upepo wa Seme.

Tulikuwa tukimtafuta mtu tusiyemjua.
Kwenye daftari la Wazungu yeye ni namba,
kaburini hayupo,
na kitabu cha shule kinavipa vita vile
ukurasa mmoja wenye picha ya meli.
Hakuna mgongo hata mmoja.

Na migongo ndiyo iliyobeba:
mizinga vipande vipande, masanduku ya risasi,
vinywaji vya maofisa,
kutoka huku ziwani hadi vinamasi vya Rufiji,
miguu peku, unga umeoza, tumbo la kuhara,
anayeanguka afukiwe kando ya njia.
Leo tunasema Kariakoo, tunachagua mitumba,
hatusikii ulimi ukikanyaga jeshi.

Mama Pelesia Agola alikataa kupigwa picha ya uso.
"Uso wangu una kazi yake Jumapili.
Chukueni mikono."

Basi mikono:
inafungua mkebe wa mafuta ya kupikia,
inatoa vifungo, risiti ya mbolea,
ufunguo wa kufuli lililopotea,
halafu kisahani cha shaba, kimetobolewa tundu,
kimegongwa tarakimu tano.
"Cha babu. Kilirudi na mtu mwingine.
Sisi watoto tulikitia uzi, tukakizungusha, kikalia."
Akakizungusha.
Masikioni mwangu ukaja mlio
kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.
Nikasahau kumeza mate.

"Aliitwa nani?" Apondi akauliza.
Mikono ikasimama.

Sekunde kumi na tisa. Nilizihesabu.
Wakati wa kuhariri alikata vingi:
profesa na tai yake, machweo niliyoyapenda mimi,
hata nyatiti aliyopigiwa bure na binamu yake.
Zile kumi na tisa hakuzigusa.

Tulionyesha Kibuye, Ijumaa, soko limefungwa,
shuka kwenye ukuta wa kinu cha unga.
Waliokuja ni mahamali, maana walikuwa pale pale,
wamekalia magunia ya viazi
na vizibao vyao vya njano vya kaunti,
kila kimoja na namba mgongoni.
Hilo hatukulipanga. Naapa.
Apondi mwenyewe hakuliona
mpaka kisahani kilipojaa shuka zima,
na wa mbele, Mia Mbili Kumi na Sita,
akageuka kutazama mgongo wa mwenzake.

Dakika ya tisa stima ikapotea.
Wakacheka, wakatukana kampuni ya umeme.
Kisha sauti gizani: "Walilipwa?"
"Wengine. Waliokufa, pesa zao nyingi zilibaki serikalini."
"Na mzigo? Kilo ngapi?"
"Kama ishirini na tano. Mara nyingine zaidi."
"Ishirini na tano!"
Kicheko kikavu kikapita gunia hadi gunia.
"Sisi mia na kumi."

Dakika tatu za mwisho hawajaziona hadi leo.

Tuzo hatujapata. Tamasha la Nairobi
lilituandikia mistari miwili ya shukrani.
Friji haikurudi; Apondi hununua maziwa ya kumalizwa jioni ile ile.
Sitasema filamu imebadilisha nchi.
Gunia bado ni lile lile.

Ila Jumatatu nilipita Kibuye kununua omena,
nikamwona mtu chini ya mzigo,
kizibao amekigeuza ndani nje,
na kwa wino mzito, herufi zimelalia upande
kama zimechoka nazo:
LIHANDA.

Nilitaka kumpigia Apondi. Sikuwa na salio.
Nikasimama njiani kama mjinga,
nikalisoma lile jina kwa sauti.
"Naam?" akajibu, bila kuinua kichwa.
"Pisha, dada. Mzigo."